Lubumbashi: Kabla ya kutoa kifuniko cha prosesa, tafuta kwanza joto linakwama wapi

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Lubumbashi, pamoja na ninyi jamaa zetu mliokimbia vita mkafikia Ruashi, Katuba, Kampemba na mitaa mingine ya mji huu, leo sileti habari ya mkutano wala ya bei ya unga. Naleta habari ya kompyuta inayopata joto hadi inazimika yenyewe katikati ya kazi.

Tangu majirani wajue kwamba nilitoa kifuniko cha prosesa yangu nyumbani, kwa wembe, watu wananisimamisha njiani wakitaka niwafanyie vilevile. Wengine wameambiwa na vijana mafundi kwamba hiyo ndiyo dawa ya kila kompyuta yenye homa. Kwa hiyo nataka kueleza niliyoyaona kwa macho na kuyafanya kwa mikono yangu. Kifuniko kile kikitoka vibaya, prosesa imekufa, haitengenezeki tena. Kwa mtu mwenye mashini tatu, hiyo ni hasara ya kawaida. Kwa familia iliyokimbia na mashini moja, hiyo ni kazi, ni chakula cha jioni, na mara nyingine ni karatasi za watoto.

Tuanze na kitu chenyewe. Prosesa ni ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote. Ile ya kompyuta ya mezani, ukiishika mkononi, ni kibao cha kijani chenye pande nne, upana wake karibu sentimita 4, na juu yake kuna bamba la chuma linalong'aa kama fedha. Watu wengi wanafikiri bamba hilo ndilo prosesa. Sivyo. Hilo ni kifuniko. Prosesa yenyewe iko chini yake: ni kipande chembamba cha silikoni. Katika zile prosesa za Intel za mwaka 2012 zenye viini vinne, kipande hicho kina milimita mraba 160 tu, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima. Ndani yake kuna transista zaidi ya bilioni 1, na zikifanya kazi kwa nguvu zote zinatoa joto la wati 77. Wazee wanaikumbuka balbu ya zamani ya wati 75: ikiwa imewaka, hukuweza kuishika kwa mkono. Sasa chukua joto lote la balbu ile, likusanye juu ya ukucha mmoja.

Joto hilo lazima lipate njia ya kutoka. Kutoka kwenye silikoni linapita katika pate, ile dawa laini ya kijivu inayofanana na dawa ya meno, linafika kwenye kifuniko. Kutoka kwenye kifuniko linapita katika pate ya pili, linafika kwenye radiata. Radiata inapulizwa na feni, na hewa inalichukua joto kulitoa nje ya sanduku. Kila mmoja wenu aliyesafiri katika inchi hii anajua bariera ni nini. Barabara inaweza kuwa nzuri kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini bariera moja ikifungwa, magari yote yanasimama nyuma yake. Joto nalo ni hivyo. Halijali kwamba feni yako ni mpya kama limekwama kwenye bariera ya kwanza. Wala halijali kwamba pate ya ndani ni nzuri kama radiata imejaa vumbi.

Kifuniko kiliwekwa pale kwa sababu mbili. Ya kwanza, kulisambaza joto kutoka kipande kidogo cha silikoni hadi eneo pana zaidi, ili radiata ilipokee vizuri. Ya pili, kuilinda silikoni. Silikoni ni ngumu, lakini inavunjika kama kioo. Ukiigandamiza upande mmoja kuliko mwingine, pembe yake inakatika.

Hapo ndipo habari hii inatuhusu sisi wana Katanga. Ile rangi ya fedha ya kifuniko ni nikeli iliyopakwa juu tu. Ukiikwangua, chini yake unaona wekundu. Ni shaba. Na sisi nani atatufundisha shaba? Mkoa wetu mzima uliitwa Shaba kutoka mwaka 1971 hadi 1997. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha hapa Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na bomba lake refu la moshi bado linaonekana kutoka mbali, kando ya ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru. Hata mlima huo sasa una thamani: ndani yake kuna germaniamu, madini yaliyotengenezea transista ya kwanza kabisa huko Marekani mwaka 1947, na tangu 2024 germaniamu inayotolewa humo imeanza kupelekwa Ubelgiji. Lori zenye shaba zinatoka kila siku kupitia Kasumbalesa. Kompyuta zilizochoka za ngambo zinaingia kwetu kwa njia hiyohiyo.

Kwa nini shaba? Kwa sababu inapitisha joto vizuri mno. Katika kipimo wanachotumia wahandisi, shaba safi inapata karibu 400. Pate nyingi hazifiki hata 15. Hewa iliyotulia haifiki hata sehemu moja ya kumi ya 1. Tazameni hesabu hiyo vizuri, maana ndiyo siri ya habari yote. Shaba si shida. Shida ni kile kilicho katikati ya silikoni na shaba: kama ni pate iliyokauka, au pengo lenye hewa, joto linapanga mstari pale likingoja.

Hadi mwaka 2011 prosesa za Intel za kompyuta za mezani zenye nguvu zilikuwa na lehemu ya chuma katikati ya silikoni na kifuniko. Mwaka 2012 kampuni ikaweka pate badala ya lehemu, na wale wapenda kompyuta wa Ulaya, Japani na Marekani wakaona upesi kwamba joto limepanda. Wakaanza kuvitoa vifuniko kwa wembe, wakasafisha pate ya kiwanda, wakaweka yao. Waligundua pia kwamba gundi nyeusi inayoshika ukingo wa kifuniko ilikuwa nene kiasi cha kukiinua kidogo, na pengo hilo dogo ndilo lililokuwa likizuia joto. Wengine walitumia jiliwa, kile chombo cha kubana ambacho mafundi wa garaji wanakiita eto, wakagonga kibao kwa ubao na nyundo mpaka kifuniko kikaruka. Prosesa nyingi zilikufa hivyo. Baadaye Mjerumani Roman Hartung, ambaye wengi wanamjua kwa jina la der8auer, alitengeneza kifaa maalumu kinachokisukuma kifuniko pembeni polepole bila wembe wala nyundo. Mwaka 2018 Intel yenyewe ilirudia lehemu katika prosesa zake kubwa za kizazi cha 9.

Sasa yangu. Kompyuta ninayofanyia kazi ni ya mezani, niliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa miaka mingi na wengine. Ninaitumia kukata sauti za mahojiano kabla ya kuzituma redioni, na kuandika habari hizi. Prosesa yake ni ya aina yenye pate ndani, na ilikuwa imefanya kazi zaidi ya miaka kumi. Mwezi wa kumi, wakati mvua bado haijaanza na jua la Lubumbashi halina huruma, ilianza kuzimika. Nakata sauti dakika tano, feni inapiga kelele kama jenereta, kisha giza. Programu ndogo ya kupima joto ilinionyesha digri 97.

Sikuchukua wembe siku hiyo. Nilianza na bariera zilizo karibu na mlango. Nilifungua sanduku nikatoa vumbi jekundu la msimu wa kiangazi, lile linaloingia hata kwenye sabuni. Nilitumia burashi ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi, huku nikiishika feni kwa kidole isizunguke. Joto lilishuka kidogo. Nilitoa radiata, nikafuta pate ya zamani iliyokuwa ngumu kama udongo wa ukuta, kwa pamba na alkoli ya duka la dawa, nikaweka pate mpya. Digri 92. Kisha nikaingia katika mipangilio ya umeme ya Windows, pale unapoweza kupunguza nguvu ya juu ya prosesa kutoka 100 kwa mia hadi 99. Tofauti ya moja inaonekana kama si kitu, lakini inazuia prosesa kujikaza kupita kipimo chake cha kawaida. Hiyo haigharimu hata franka moja. Joto lilishuka tena, lakini feni iliendelea kulia, na mchana wa jua kali mashini bado ilizimika.

Jambo moja lilinionyesha bariera iko wapi. Prosesa ilisoma digri 90 na zaidi, lakini nilipogusa radiata kwa kidole ilikuwa vuguvugu tu. Kama joto lingekuwa linafika kwenye radiata, radiata ingeniunguza. Pate ya nje ilikuwa mpya, radiata ilikuwa imekaza vizuri pembe zote nne. Joto lilikuwa limefungiwa ndani, chini ya kifuniko.

Hata hivyo nilingoja wiki mbili. Nilinakili kazi yangu yote kwenye diski ya nje, na nyingine kwa ndugu yangu anayekaa Kamalondo. Nilitafuta kwa fundi mmoja prosesa iliyokwisha kufa, ya aina ileile, ili mkono wangu ujifunze juu ya maiti kabla ya kumgusa aliye hai. Nilijua pia kwamba bei ya prosesa ya zamani kama yangu ni kitu ninachoweza kupata tena nikikaza mkanda mwezi mmoja. Mtu asiyeweza kusema hivyo, wembe aukae mbali.

Nilifanya kazi asubuhi, kando ya dirisha, siku ambayo sikuhitaji umeme wala haraka. Wembe uwe mpya, ule mwembamba wa kawaida wa kunyolea. Unaanzia pembeni, pale gundi nyeusi inapoonekana kati ya kifuniko na kibao cha kijani. Unaingiza ncha ya wembe ukiulaza upande wa kifuniko, maana ndani ya kibao kuna nyaya nyembamba kuliko unywele, na ukizikata basi. Ukipita gundi, wembe unalegea ghafla. Hapo unasimama, hauendi ndani hata kidogo, kwa sababu katikati ndipo silikoni inalala. Pembe ya kwanza ilinichukua karibu nusu saa. Nne zilipokwisha, nilipitisha wembe kwenye kingo polepole, kisha kifuniko kikaachia kwa sauti ndogo, kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga.

Chini yake niliona pate ya kiwanda imekauka, imepasuka kama ardhi ya kiangazi. Niliifuta kwa pamba na alkoli mpaka silikoni ikawa kioo. Niliweza kujiona jicho langu ndani yake. Gundi nyeusi niliitoa kwa ukucha na kwa kadi ya plastiki, bila chuma.

Wapo wanaoweka metali ya maji badala ya pate, mchanganyiko wa galiamu na madini mengine. Inapitisha joto kuliko pate yoyote. Sikuitumia, na sishauri mtu aitumie nyumbani kwetu. Galiamu inayeyuka ikifika karibu digri 30, na inakula aluminiamu: sufuria ya jikoni ikiguswa nayo inaweza kuwa dhaifu hadi inavunjika kwa mkono. Radiata nyingi ni za aluminiamu. Tena inapitisha umeme. Tone moja likidondoka kwenye vipande vidogo vya ubao mama, umeua mashini nzima. Nilitumia pate ya kawaida, kidogo sana, nikaitandaza nyembamba juu ya silikoni. Nilirudisha kifuniko bila gundi, nikakishika kwa kidole kisiteleze wakati nafunga kile kibano cha ubao mama kinachoshika prosesa. Nikarudisha radiata. Jioni umeme uliporudi, niliwasha. Kazi ileile ya kukata sauti, saa nzima: digri 74. Feni inasikika kama mtu anayelala.

Hiyo ndiyo habari iliyozunguka mtaani, na hapo ndipo hatari ilipoanza, kwa sababu watu walisikia mwisho tu. Wiki chache baadaye kijana mmoja fundi, ninayemheshimu kwa mikono yake, alinipigia simu.

"Yaya, kuko mama mmoja wa Bukavu, mashini yake inazimika. Nilimwambia tutoshe kifuniko. Unaweza kuja kuniangalia nisikosee?"

Nilikwenda. Mama yule alikuwa karani wa shule kule Kivu. Familia yake ilikimbia Bukavu mwezi wa pili 2025, wakapita Uvira, wakapanda boti ziwani Tanganyika hadi Kalemie, halafu lori hadi hapa. Aliacha kitanda, meza, vyombo vya jikoni. Sanduku la kompyuta alilifunga katika kitenge akalibeba, bila kioo, bila kibodi.

"Mwanangu," aliniambia, "watu walinicheka ndani ya boti. Walisema mama anabeba chuma. Lakini humu ndani kuna majina na pointi za watoto wa miaka sita. Wazazi wametawanyika, wengine wako Kalemie, wengine Bujumbura. Wananipigia simu: mama karani, mtoto wangu hawamuandikishi shuleni, hana buletini. Mimi ndiye ninayejua kwamba mtoto huyo alipita darasa la tano."

Kila mara alipowasha mashini, ilifanya kazi dakika mbili, tatu, kisha ikazimika. Alikuwa akinakili majina kwa kalamu haraka haraka kabla haijafa, kama mtu anayechota maji bomba likiwa karibu kukatika.

Nilimuomba kijana aweke wembe chini kwanza. Nilimueleza mama jambo ambalo hakuna aliyemwambia: hati zake haziko ndani ya prosesa. Ziko kwenye diski, ile sahani ya chuma iliyofungwa peke yake kwa skrubu nne. Hata prosesa ikifa, hata ubao mama ukiungua, diski unaitoa na kuisoma kwenye kompyuta nyingine. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo watoto wangu hawafi pamoja na hii?" Nilimjibu hawafi. Tulitoa diski palepale, tukaifunga kwenye kompyuta ya fundi, tukanakili kila kitu kwenye funguo mbili za kumbukumbu. Moja alibaki nayo, nyingine alimpa dada yake anayekaa Katuba. Ndipo tukaangalia homa.

Tulipofuta pate juu ya kifuniko tukasoma maandishi yaliyochorwa pale, tuliona ni prosesa ya mwaka 2011. Hiyo ni ya lehemu. Ndani yake hakuna pate ya kukauka. Silikoni na kifuniko vimeunganishwa na chuma, indiamu, ambayo inayeyuka kwenye digri 156 na nusu hivi. Ungeingiza wembe, ungekata gundi ya ukingo yote, lakini kifuniko kisingetoka. Na ungelazimisha, kingetoka kimeshika kipande cha silikoni. Kijana alinitazama. "Kumbe ningemuulia mama mashini." Nilimwambia afadhali alipiga simu.

Shida yenyewe tuliiona kwa macho bila kipimo chochote. Radiata ya aina ile inashikwa na miguu minne ya plastiki inayobanwa ndani ya ubao. Miguu miwili ilikuwa imeachia. Safari ndiyo iliyoitoa: mawimbi ya ziwa, mashimo ya barabara, sanduku kulazwa na kusimamishwa mara mia. Radiata ilikuwa imeinuka upande mmoja, na katikati yake na kifuniko kulikuwa na pengo ambalo karatasi ingepita. Hewa. Shaba nzuri, feni nzuri, na katikati bariera ya hewa. Mguu mmoja ulikuwa umepasuka. Kijana alipata mwingine katika radiata ya zamani dukani kwake. Tulisafisha, tukaweka pate mpya, tukabana miguu yote minne, tukageuza ubao kuhakikisha ncha zimetokea upande wa pili. Mashini ilifanya kazi mchana wote. Joto halikupita digri 60. Kijana alikataa malipo ya kazi, alichukua ya mguu wa plastiki tu.

Ninyi mliosafiri na kompyuta ya mezani, sikilizeni hapo. Mashini ikianza kuzimika baada ya safari, kitu cha kwanza ni kushika radiata kwa mkono, mashini ikiwa imezimwa na waya umetolewa ukutani. Ikicheza, umepata ugonjwa. Na kama mtasafiri tena, kuirudisha nyumbani Mungu akijalia au kwenda mbele, lazeni sanduku ubavu, ubao mama ukiwa chini na radiata imesimama juu yake, isining'inie. Mkiweza, toeni radiata kabisa muifunge peke yake.

Wenye laptopu, na ndio wengi, jueni kwamba habari ya kifuniko haiwahusu. Prosesa za laptopu hazina kifuniko. Silikoni iko wazi, radiata yake ya bomba la shaba inaigusa moja kwa moja. Fundi akikuambia atatoa kifuniko cha prosesa ya laptopu yako, muulize kwa adabu akuonyeshe kiko wapi. Laptopu yenye homa mara nyingi inaomba vitu vitatu: kutolewa vumbi kwenye tundu la feni, pate mpya, na kutowekwa juu ya blanketi au godoro. Ndani ya nyumba ya watu wengi ambamo kitanda ndicho meza, weka ubao chini yake, au sahani kubwa iliyogeuzwa, ipate kupumua.

Wenye kompyuta ya mezani yenye prosesa ya AMD za jina la Ryzen, nyingi ni za lehemu; msiziguse. Wenye Intel, msome namba kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, hata mimi. Na anayeona kweli kwamba bariera iko ndani, radiata vuguvugu na prosesa inaunguza, pate ya nje mpya, pembe zote zimekaza, basi ajiulize swali moja tu: nikiiua leo, kesho nitafanya kazi na nini? Akipata jibu, achukue wembe mpya na asubuhi yenye utulivu. Asipopata, apunguze nguvu hadi 99 kwa mia, afungue dirisha, afanye kazi usiku kukiwa na baridi. Mashini inayokwenda polepole bado inakwenda.

Mama karani sasa anafanya kazi kwenye baraza ya nyumba aliyopewa chumba. Ameazima kioo na kibodi, na kila siku umeme ukiwapo anaandika orodha: jina la mtoto, darasa, pointi, mwaka. Anawatumia wazazi kwa simu, nao wanapeleka shuleni wanakoomba nafasi. Hazina muhuri, na si kila shule inazipokea. Lakini siku nilipopita alinihesabia watoto 41 walioandikishwa, wengine hapa Lubumbashi, wengine Kalemie. Kama kuna mzazi anayesoma hapa, aliyekimbia bila karatasi, aulize kwanza karani au mwalimu wa shule ya mtoto wake yuko wapi. Huenda naye alibeba chuma, na watu wakamcheka.

Kwa leo naishia hapo. Kabla hamjafungua sanduku lolote, nakilini hati zenu mara mbili, moja ikae nyumbani na nyingine kwa ndugu. Kifuniko kinaweza kungoja.